Mulamula wa Nne

Wenye nyumba wa Rwamishenye wana maswali, na siku mtu wa serikali akiwajia na daftari mkononi huyamwaga yote kwa mpigo. Jumanne ile saa nne asubuhi, mvua ikiwa imekata kidogo, walikuwa wamejaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya mtaa. Fundi sanifu Datius, mwanamume mwembamba mwenye viatu vya mpira vilivyoganda tope, alisimama mbele yao akieleza habari za mtaro mpya. Mtaro ungeanzia juu kwenye mteremko, ungefuata ukingo wa barabara na kuyapeleka maji mtoni, yasiingie tena majikoni mwa watu kama yalivyofanya masika mawili mfululizo.

Mwenye bucha akauliza nani atajenga kivuko cha kuingilia dukani kwake. Datius akajibu kwamba kila nyumba itapata kivuko kimoja cha zege, na anayetaka cha pili atajijengea. Mama mmoja akauliza habari za parachichi lake, ambalo mizizi iko kwake na matawi yako barabarani, litahesabiwa la nani likikatwa. Mwingine akataka kujua nani atazoa taka mtaroni, maana majirani zake anawafahamu. Watu wakacheka, na hao majirani wakacheka kuliko wote.

Kisha akasimama mzee Lwakatare. Yeye hakuwa na swali, ila hakuwahi kukosa neno. Alieleza kwamba mpaka wake hauna mgogoro, kwamba una milamula minne, ile miti ya kupandwa mipakani, iliyonyooka kama rula, na kwamba miaka minane iliyopita, wapimaji walipopita kurasimisha makazi, yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha. Akawashauri na wenzake wawe wanapanda milamula kama walivyofanya wazee, badala ya kugombana na watu wa ofisi. Datius alimshukuru. Alisema kweli, kwa Ta Lwakatare kazi imekuwa rahisi, vigingi vimefuata milamula yenyewe, na Jumatatu greda la kuchimba likifika litaanzia pale.

Benchi la nyuma, Klaudia, mke wa Lwakatare, aliinua mkono. Mkono ulipofika usawa wa sikio akaugeuza, akauweka sawa mtandio wake, akaushusha. Datius alikuwa ameshauona. Akauliza kama mama ana swali. Klaudia akasema hana.

Fundi akamalizia kwa kusema kwamba mwenye jambo lolote kwenye njia ya mtaro alifikishe ofisi ya ujenzi mjini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo ni mashine.

*

Kigingi chenye rangi nyekundu kilikuwa kimepigwa hatua moja tu kutoka kwenye shina la mulamula wa nne, ule wa mwisho kutoka getini. Ulikuwa mnene kuliko mingine, na ndio mama yao. Lwakatare aliukata vipandikizi vitatu mwaka ule alioamua kunyoosha mpaka, akavipanda kwa kamba kuufuata. Kila aliyepita alisifu ule mstari, na mwenyewe alisifu zaidi.

Kwenye shina hilo hilo alikuwa amefungwa mbuzi. Klaudia alisimama akamtazama mbuzi, akatazama nyumba, kisha akamfungua na kumhamishia kwenye mgomba wa jirani na jiko, kama alivyokuwa akifanya kwa miaka mingi.

Ugomvi wa mbuzi ulikuwa ugomvi wa nyumba ile. Nyumba nyingine hugombania simu au shemeji. Hapa ilikuwa kamba ya mbuzi. Lwakatare alimfunga kwenye mulamula wa nne kwa sababu pale kuna majani na kivuli, na akirudi anamkuta penginepo, anatafuna maganda ya ndizi. Amewahi kuwashuku watoto, akawashuku wapita njia, mwishowe akajua ni mkewe, akamuuliza sababu. Klaudia alimjibu kwamba pale mbuzi anakula nguo za watu. Hakuna nguo iliyowahi kuanikwa pale. Lwakatare alihitimisha kwamba wanawake wa Muleba wana kiburi cha kimya kimya, akaendelea kumfunga palepale.

Mchana, akiwa amewekewa ebitoke, ndizi za kupika, na dagaa, aliuzungumzia mtaro kwa furaha. Maji yamekwisha, alisema. Jiko halitaoga tena. Klaudia alikaa kwenye jamvi mbele yake, sahani yake haijaguswa, akamuuliza kama haiwezekani mtaro upite upande wa pili wa barabara.

"Upande wa pili kuna bomba kubwa la maji," alisema Lwakatare. "Na kwa nini upite huko, wakati huku hauna kinachoukwaza?"

Klaudia akatoa vyombo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tano, amezaa na kulea watoto wanne, na jambo hili alikuwa hajalisema kwa sauti tangu alipokuwa na miaka ishirini na minne. Hakujua linaanzia wapi.

*

Jumatano alikwenda mjini peke yake, akamwambia mumewe anafuata dawa ya presha. Kwenye kioo cha dirisha la ofisi ya ujenzi ilibandikwa karatasi yenye kichwa MASWALI YA WENYE NYUMBA, na chini yake maswali kumi na tisa pamoja na majibu yake. Alikuwa kwenye foleni, kwa hiyo alipata muda wa kuyasoma yote. Kulikuwa na la kivuko, la taka, la taa ya barabarani iliyoungua, la mti ulioegemea waya, la choo kilichojengwa kwenye hifadhi ya barabara. Aliyarudia tena kutoka chini kwenda juu. Lake halikuwemo.

Karani wa dirishani aliitwa Shamsia, mtu wa Miembeni, mwenye sauti ya kusikika hata na walio nje. Klaudia alijitahidi kusema polepole. Alisema kuna kaburi kwenye njia ya mtaro.

"Kaburi?" Shamsia aliuliza, na foleni nzima ikasikia. Akavuta faili, akapekua, akaweka kidole. "Mama, hapa mzee Lwakatare amesaini. Makaburi ndani ya eneo ni mawili, la baba yake na la mama yake, yote nyuma ya nyumba. Hili la mpakani limetoka wapi?"

Mwanamume aliyekuwa nyuma ya Klaudia, mwenye bahasha ya kaki kwapani, akamwambia mwenzake kwamba siku hizi barabara ikipita tu, makaburi yanaota kama uyoga, fidia tamu. Wakacheka wote wawili. Klaudia alihisi uso unamwaka. Alitaka kugeuka amweleze yule bwana kitu, akashindwa kupata ni kitu gani ambacho angeweza kuelezwa mtu mwenye bahasha.

"Sitaki fidia," alimwambia Shamsia. "Nataka asichimbwe na mashine."

Pengine ni lile neno la asichimbwe, au namna alivyolisema. Shamsia aliinuka, akafungua mlango wa pembeni, akamwingiza ndani akamkalisha kwenye kiti, na sauti yake ikapungua. Akamweleza kwamba watu wanazua makaburi kweli, ndiyo maana fomu ni kali. Kaburi likithibitishwa, familia inapewa nafasi ya kulihamisha mbele ya afisa afya, halafu mashine inapita. Fomu inataka mambo matatu: jina la marehemu, saini ya mkuu wa kaya, na shahidi aliyekuwepo siku ya maziko.

"Marehemu anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Kila mtu ana jina, mama."

Ndipo Klaudia akasema. Kwamba alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwamba alizaliwa salama, akanyonya, na usiku wa pili akafa bila kuumwa. Mumewe alikuwa Muleba, msimu wa kahawa, akipima magunia kwenye ghala, na kwa Wahaya jina la mtoto hutolewa na upande wa baba. Walikuwa wakimsubiri arudi. Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo padre hakuitwa. Mama mkwe wake na wifi yake walimchukua alfajiri, wakamzika mwisho wa kibanja cha migomba, wakachomeka kijiti cha mulamula kuwa alama. Mumewe aliporudi aliambiwa mambo yamekwisha, asiulize. Naye hakuuliza.

Shamsia aliiweka kalamu chini. Akasema kwao mtoto akivuta pumzi hata saa moja anapewa jina. Hakusema kwa kulaumu. Kisha akaikunja fomu mara mbili, akampa, akamkumbusha Ijumaa saa sita.

*

Mama mkwe alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Aliyebaki ni wifi, Jovitha, aliyeolewa Muleba, karibu na kwao Klaudia, na Alhamisi kabla ya saa tatu Klaudia alikuwa uani kwake. Jovitha alikuwa akichambua kahawa kwenye mkeka. Aliisoma fomu yote, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Kichwa tulikielekeza nyumbani," alisema. "Mama alitaka hivyo. Tulimvika shuka jeupe la baba."

Klaudia hakuwa akilijua hilo. Siku ile alilazwa chumbani mlango ukafungwa, na kijiti cha mulamula alikuja kukiona baada ya wiki, alipotoka kwenda kuota jua. Alijua bila kuambiwa. Sasa, baada ya miaka thelathini na moja, alikuwa amepata shuka na upande wa kichwa, akalia palepale kwenye mkeka wa kahawa, na Jovitha akamwacha alie huku akiendelea kuchambua.

Kuhusu saini, Jovitha alikataa. Alisema hawezi kusaini karatasi ya serikali nyuma ya kaka yake. Mama yao aliwakataza wasimwambie mahali, kwa kuogopa kwamba kijana angekaa pale akitazama ardhi na kazi zimlale. Ilikuwa huruma, alisema, lakini huruma ile imezeeka, na sasa inawaharibia. Kaka aambiwe leo. Akiambiwa, yeye Jovitha kesho atakuwa dirishani kwa huyo karani kabla hawajafungua.

"Atanichukia," alisema Klaudia.

"Basi akuchukie leo. Jumatatu itakuwa ni bure."

*

Alimkuta Lwakatare kibanjani, anakata majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini. Mbuzi alikuwa kwenye mulamula wa nne. Klaudia hakuingia ndani kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi, akamfungua mumewe akiona.

"Si nimemfunga hapo sasa hivi, Mama Anna?"

"Umemfunga juu ya mtoto."

Alisema kwa Kihaya, na aliposhaanza yalitoka kwa mpangilio, bila kilio. Kilio alikuwa amekiacha Muleba. Alitaja shuka, kichwa, wifi, fomu, Ijumaa saa sita. Lwakatare alisikiliza panga likining'inia mkononi. Alipomaliza, mzee alitazama ule mstari wake ulionyooka, kutoka wa kwanza hadi wa nne, halafu akarudi tena mpaka wa kwanza.

"Nimeukata vipandikizi," alisema. "Kila mwaka naupunguza kwa panga hili."

Klaudia akaikunja kamba ya mbuzi mkononi.

"Na mpimaji nilimwambia aweke mguu wa chombo chake hapo. Nikamwambia, hapo ndipo ninapoishia."

Alikasirika, na ilikuwa haki yake. Alimuuliza ilikuwaje akaweza kumwangalia miaka yote hiyo akijisifia mpaka mbele za watu. Alisema wamemfanya mjinga nyumbani kwake, mama yake, dada yake na mke wake, wanawake watatu wamekaa na mtoto wake kama siri ya vikoba. Klaudia alimjibu kwa upole jambo moja tu, kwamba hakuuliza. Siku moja tu angeuliza, angeambiwa.

Lwakatare akalichomeka panga kwenye gogo la mgomba, akaenda kuketi nyuma ya nyumba, kwenye sementi ya kaburi la mama yake. Chakula alipelekewa kule, na sahani ikarudi nusu.

*

Ijumaa asubuhi alivaa koti la kanisani. Klaudia alimwona akilipiga brashi, akaelewa kuwa wanakwenda wote. Njia nzima alitangulia mbele hatua tano, wala hakugeuka.

Jovitha alikuwa amefika kabla yao, kama alivyoahidi, na alikuwa ameshagombana na mlinzi kuhusu saa ya kufungua. Kaka na dada wakasalimiana kwa kifupi. Shamsia aliwaita wote watatu ndani kwa mlango wa pembeni, akaitandaza fomu mezani na kuikunjua mikunjo kwa kiganja. Jovitha akasaini sehemu ya shahidi, akaandika namba ya simu. Lwakatare akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaijaribu kwenye kidole gumba.

Hapo ilibidi kwanza aikane saini yake ya zamani. Shamsia alimsomea kwa adabu: mimi Lwakatare nakiri kwamba maelezo niliyotoa mwaka ule kuhusu makaburi yaliyomo eneo langu hayakuwa sahihi. Mtu aliyewahutubia wenzake juu ya mipaka siku tatu zilizopita alisaini, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa maghalani. Shamsia akauliza mtoto wa ngapi. Mzee alikuwa amezoea kusema mtoto wake wa kwanza ni Annastella.

"Wa kwanza," alisema.

"Umri?"

"Siku mbili," alisema Klaudia.

"Jina?"

Dirishani mtu aligonga kwa sarafu, Shamsia hakugeuka. Lwakatare alishika kalamu juu ya kile kisanduku, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akamgeukia mkewe, mara ya kwanza tangu jana jioni, akamuuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini sana, ingawa kila mtu mle ndani alielewa:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Jovitha akageuza uso ukutani. Klaudia alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ya dunia, ila hakujiandaa kwa hilo. Alikuwa amedhani hilo angalau waliwahi kumwambia.

"Wa kike," alisema. "Masikio yako."

Lwakatare akatikisa kichwa taratibu. Alisema kule ghalani, magunia yakiwa machache, alikuwa akiandika majina nyuma ya risiti. La kiume alishalisahau. Akainama, akaandika kwenye kisanduku, herufi moja moja, kama anayejaza hundi ambayo haitakiwi kufutwa: Kokushubila.

Shamsia akapiga muhuri. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini.

*

Jumamosi walimhamisha. Afisa afya alikuja na glovu na barakoa, na Datius alikuja na utepe wa kupimia, wakasimama pembeni. Mwenyekiti wa mtaa, bwana Uledi, aliwazuia watu barabarani, ingawa hawakuwa wengi. Jovitha alionyesha mahali kwa mguu. Lwakatare, amevaa tena koti la kanisani, hakumruhusu mtu mwingine ashike jembe. Aliung'oa kwanza mulamula na mizizi yake, akaulaza kando, halafu akachimba kwa jembe, halafu kwa kijembe, halafu kwa mikono.

Hawakukuta kitu cha kushika. Udongo tu, mahali fulani ukawa mweusi na laini kuliko wa pembeni, na afisa afya akasema kwa kawaida ndivyo inavyokuwa kwa mtoto mchanga baada ya miaka mingi. Lwakatare aliuchota ule mweusi kwa viganja, akautia kwenye shuka jeupe ambalo Klaudia alikuwa amelikunjua. Alichota hadi alipofikia udongo mwekundu. Hapo Klaudia akafunga shuka, akalibeba kifuani, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kulibeba.

Datius aliangalia shimo lililobaki, akaangalia karatasi zake. Alikohoa. Alikuwa mtu mwema, lakini Jumatatu ilikuwa inakuja.

"Samahani, Ta Lwakatare. Kwenye ramani mpaka wako unaishia kwenye huu mti. Ukiuondoa, tutaandika mpaka uko wapi?"

Mzee alikuwa ameshauweka mulamula begani, mizizi inadondosha udongo juu ya koti la kanisani.

"Pigeni zege lenu," alisema. "Huyu anarudi nyumbani."

Akatangulia kwenda nyuma ya nyumba, kwenye makaburi mawili ya sementi, safari hii akimsubiri mkewe kila baada ya hatua chache. Walimzika kando ya bibi yake, wakaupanda mulamula kichwani, Jovitha akaanzisha sala.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, Lwakatare alimtoa mbuzi zizini akamfunga kwenye mgomba karibu na jiko. Klaudia alipita na ndoo ya maji, akaitazama ile kamba, akaingia ndani.